Lawama ya Mama na Ushahidi wa Virusi: Historia ya Kuhara kwa Watoto Katika Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe ni wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, jirani za Dar es Salaam kwa upande wa magharibi na kusini-magharibi. Mji wa Kibaha umekaa kando ya barabara kuu ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na Mto Ruvu wapita katika ardhi ya wilaya hiyo. Kisarawe imekaa juu ya vilima nyuma ya Pugu, katika nchi ya Wazaramo, nchi ya mihogo, minazi na mikorosho. Katika wilaya hizi, kama katika pwani yote, yalikuwa machache maradhi ya utoto yaliyojulikana na kila nyumba kama kuhara. Mtoto aliyecheza asubuhi huanza kutapika adhuhuri. Usiku huharisha maji matupu. Na ikiwa hapana msaada, baada ya siku moja au mbili macho yameingia ndani, utosi umebonyea, na akilia hatoi machozi.

Historia ya maradhi haya yaweza kuandikwa kama historia ya dawa, na wengi wamekwisha kuiandika hivyo. Yaweza pia kuandikwa kama historia ya lawama, kwa maana kila zama ilipotaja sababu ya kuhara ilitaja pia mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo aghalabu alikuwa mama wa mtoto. Insha hii yafuata njia ya pili. Yataka kuonyesha kwamba ushahidi uliomwondolea mama sehemu kubwa ya lawama haukutoka kwa hakimu wala kwa mwanasheria, bali ulitoka katika jambo dogo lisiloonekana kwa macho: sehemu za virusi ambazo hazigeuki, ziwe zimetoka Kisarawe au zimetoka Melbourne.

Yafaa kuanza na majina, kwa kuwa jina la maradhi ni hukumu ya kwanza juu yake. Neno kuhara lenyewe halina lawama. Lataja tendo la tumbo tu. Lakini kando ya neno hilo palikuwa na maneno mengine yenye mzigo mzito zaidi. Mojawapo ni kubemenda. Mtoto anayenyonya akikonda, akiharisha na kukosa nguvu, ilisemwa kwamba amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kujitenga katika muda wa kunyonyesha, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Kwa neno moja tu ugonjwa wa mtoto uligeuka kuwa shahada ya mwenendo wa wazazi mbele ya jamaa na majirani. Mama aliyeshika mimba mapema naye hakusalimika: maziwa yake yalidhaniwa kuwa yameharibika, na mtoto aliachishwa ziwa wakati ule ule alipolihitaji kuliko wakati wowote.

Hapana budi kukiri kwamba ndani ya mwiko huo mlikuwa na hekima. Kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto kulimlinda anayenyonya, kwa maana mtoto aliyeachishwa ziwa mapema hula uji na kunywa maji yasiyo salama, naye hukosa kinga iliyomo katika maziwa ya mama. Wazee waliona jambo la kweli, ila waliliweka katika mizani ya maadili badala ya mizani ya chakula na maji. Hivyo kweli yao ikawa fimbo.

Sababu ya pili iliyotajwa ni meno. Duniani kote watu wameamini kwamba mtoto huharisha kwa sababu anaota meno, na chanzo cha imani hii ni rahisi kukielewa: meno ya kwanza hutoka karibu na mwezi wa sita, na ndio umri ambao kinga aliyoipata kwa mama hupungua, naye huanza kutambaa, kuokota vitu na kuvitia kinywani. Mambo mawili yanayokuja pamoja hudhaniwa kuwa moja limemzaa jingine. Kwa muda mrefu imani hiyo haikudhuru sana. Lakini kuanzia miaka ya 1980 ilienea Tanzania habari ya meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Ilidaiwa kwamba katika ufizi wa mtoto mwenye homa na kuhara mna meno yasiyo ya kawaida, meupe na laini, ambayo yasipong'olewa mtoto atakufa. Yaliyokuwa yakikatwa na kutolewa hayakuwa ila machipukizi ya meno ya kawaida, hasa machonge, ambayo hayajakomaa. Watoto walipelekwa kwa mafundi waliotumia vyuma visivyo safi. Wengine walitokwa na damu nyingi, wengine ufizi ulioza, na wako waliokufa. Aliyeharisha kwa sababu moja akauawa kwa sababu nyingine, na mama aliyekataa mwanawe asichokorwe ufizi akaambiwa kwamba hamjali.

Zama ya tatu ni ile ya usafi, nayo ina heshima yake katika historia ya Tanzania. Mwaka 1963 ulifunguliwa Kibaha mradi mkubwa ulioanzishwa na Tanganyika pamoja na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mradi huo ulikuwa na shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na kile kituo cha afya ndicho kilichokua hata kikawa Hospitali ya Tumbi. Wazo la mradi lilikuwa kwamba elimu, kilimo na afya ni mafiga matatu ya jiko moja. Mwaka 1973 likaja tendo kubwa zaidi, la nchi nzima: kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vipatavyo 75,000, wakasikiliza vipindi vya redio kwa majuma 12, wakasoma vijitabu vya Kiswahili, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kuchemsha maji. Ni mara chache katika dunia lugha ya watu imetumiwa namna hiyo kufundisha elimu ya mwili.

Mafunzo hayo yalikuwa ya kweli. Kipindupindu kilichoonekana Tanzania mwaka 1974, kisha kikaenea vibaya mwaka 1977 na 1978, kiliwathibitishia watu kwamba maji machafu huua. Walakini katika mafunzo ya usafi mlijificha tena ile lawama ya kale, imevaa vazi jipya. Ikiwa kuhara kwatokana na uchafu, basi mtoto akiharisha mama yake ni mchafu. Mwanamke wa Kisarawe aliyetembea mbali kutafuta maji ya kisima au ya dimbwi, akayabeba kichwani na kuyagawa kwa kupikia, kunywa na kuogea, alifika zahanati akaulizwa kwanza kama ananawa mikono. Swali lilikuwa la haki, lakini halikuwa swali pekee la haki.

Kulikuwako na dalili kwamba maelezo ya uchafu hayatoshi. Waganga wa hospitali, katika nchi tajiri na maskini, walipotafuta vijidudu katika choo cha watoto walioharisha, mara nyingi hawakukuta bakteria yeyote wa kulaumiwa. Watoto wa miji yenye maji ya bomba na vyoo vya kuvuta waliharisha na kutapika vile vile, wakalazwa vile vile. Kulikuwa na adui ambaye hajaonwa.

Alionwa mwaka 1973 katika mji wa Melbourne, Australia. Ruth Bishop na wenziwe Geoffrey Davidson, Ian Holmes na Brian Ruck walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuhara, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni. Katika chembe za utumbo walikuta virusi vingi vya mviringo. Muda si muda virusi hivyo vilionekana Uingereza pia, na Thomas Flewett wa Birmingham akapendekeza viitwe kwa neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa kila kimoja chafanana na gurudumu dogo lenye mataruma. Ndivyo vilivyoitwa virusi vya rota. Mwaka mmoja kabla yake, 1972, Albert Kapikian wa Marekani alikuwa ameviona virusi vya Norwalk, ambavyo jamii yake huitwa leo norovirusi. Na mwaka 1975 viligunduliwa astrovirusi, vyenye umbo la nyota. Katika miaka mitatu kundi zima la wahalifu lilitoka gizani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jamaa mmoja wa virusi vya rota alikuwa amekwisha kukamatwa Afrika. Mwaka 1958, katika Afrika Kusini, Hubert Malherbe alipata virusi kutoka kwa tumbili, akavipa namba SA11. Havikuhusishwa na watoto wakati ule. Baada ya 1973 ndipo ilipotambulikana kwamba virusi vya tumbili, virusi vya ndama wanaoharisha na virusi vya watoto wa Melbourne ni ukoo mmoja. Ilitambulikanaje? Ilitambulikana kwa kuwa vyote vina protini moja ya ndani iliyofanana mno, ambayo wataalamu huiita VP6. Kinga iliyoandaliwa dhidi ya protini hiyo kwa virusi vya mnyama mmoja iliweza kuvishika virusi vya mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Msomaji wa lugha hatapata taabu kukielewa, kwa kuwa elimu ya lugha imefanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayetaka kujua kama lugha mbili ni za ukoo mmoja hatazami maneno ya biashara wala ya mitindo, kwa kuwa hayo hugeuka upesi na kuazimwa. Hutazama maneno yaliyo mazito kuondoka. Mswahili husema mtu, Mganda omuntu, Mkikuyu mundu, Mzulu umuntu; na ijapokuwa hawa wametengana kwa karne nyingi, shina hilo lawatoa ushahidi kwamba chimbuko lao ni moja. Lililohifadhika ndilo linaloeleza asili. Lililogeuka laeleza safari.

Virusi vya rota vina urithi wa vipande 11 vya RNA, na kila kipande ni kama sentensi ndefu iliyoandikwa kwa herufi nne tu. Virusi vikizaana ndani ya chembe za utumbo, kimeng'enya kinachonakili maandishi hayo hukosea mara kwa mara, wala hakina mhariri wa kusahihisha makosa. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba baada ya miaka michache maandishi yote yawe yamevurugika. Lakini sivyo ilivyo. Vipande vyote huanza na herufi GGC, na huishia karibu vyote na UGUGACC, na herufi hizo hukutwa vivyo hivyo katika virusi vya mabara yote. Sababu yake ni kwamba herufi za mwisho ndizo zinazotambuliwa na kile kimeng'enya kinapotaka kunakili, tena ndizo zinazoshikwa na protini nyingine ya virusi ili chembe ya mtoto ilazimishwe kufanya kazi ya mgeni. Kirusi kilichokosea mahali hapo hakina wana. Kosa lilitokea, ila aliyelibeba hakuishi.

Hali hii ni kama ile ya ubeti wa shairi. Mshairi ana uhuru wa kubadili maneno katikati ya mshororo, naye huutumia. Lakini akigusa kina cha mwisho, ubeti umevunjika na si shairi tena. Kuhifadhika kwa jeni, basi, si uvivu wa maumbile, wala si kwamba mabadiliko hayajaribiwi mahali hapo. Hujaribiwa kila siku, na kila siku hukataliwa.

Sehemu nyingine za virusi zina uhuru mkubwa. Juu ya ganda la nje zimo protini mbili, VP7 na VP4, nazo ndizo ambazo kinga ya mtoto huziona kwanza. Kwa sababu hiyo virusi vyenye sura mpya hupata faida, na sura zimekuwa nyingi. Wataalamu huziandika kwa herufi G na P pamoja na namba: G1, G2, G3, G9, G12 na nyinginezo, P[8], P[4], P[6]. Tena, virusi viwili vya aina mbali vikiingia katika chembe moja vyaweza kubadilishana vipande vyao, kama wachezaji wa karata wanaochanganya karata zao na kuzigawa upya. Afrika ina aina nyingi kuliko mabara mengi, na baadhi yake, kama G8, zina udugu na virusi vya ng'ombe. Mwaka 2006 ulianzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mtandao wa Afrika wa kufuatilia virusi vya rota, na maabara za Afrika Kusini na Ghana zikawa tegemeo la kuzitambua aina hizo.

Elimu hiyo ya kinachohifadhika na kinachogeuka imeingia katika maisha ya mtoto kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kipimo. Kipimo cha kawaida cha virusi vya rota hutafuta ile protini VP6 katika choo cha mtoto. Kwa kuwa haigeuki sana, kipimo kilichotengenezwa mbali huweza kumtambua adui Tumbi au Kisarawe bila kujali amevaa sura gani. Vipimo vya norovirusi navyo hutafuta mahali panapokutana jeni mbili, kwa kuwa hapo ndipo maandishi yao yamehifadhika zaidi. Hata hivyo yafaa kuonya kwamba kuhifadhika si kiapo. Vipimo vinavyotaka kujua aina za G na P hutegemea vipande vifupi vya maandishi, na herufi chache zikigeuka hapo, kipimo hushindwa na aina huandikwa kuwa haikutambulikana. Ndiyo maana ufuatiliaji hauna mwisho.

Mlango wa pili ni chanjo. Wa kwanza kuitafuta walijaribu virusi vya wanyama, wakitumaini kwamba udugu wa ndani utatosha kumfundisha mtoto kinga. Chanjo iliyotokana kwa sehemu kubwa na virusi vya nyani aina ya rhesus iliruhusiwa Marekani mwaka 1998, ikaondolewa mwaka 1999 kwa kuwa ilihusishwa na kujikunja kwa utumbo kwa watoto wachache. Chanjo iitwayo Rotarix ilitoka kwa mtoto mmoja wa Cincinnati aliyeugua katika msimu wa 1988 na 1989. Virusi vyake, vya aina G1P[8], vilikuzwa tena na tena katika chembe za figo za tumbili wa Afrika hata vikapoteza ukali, vikabaki vyenye kufundisha kinga bila kuleta ugonjwa mkali.

Swali kubwa lilikuwa kama virusi vya mtoto mmoja wa Marekani vingeweza kuwakinga watoto wa Afrika, wanaokutana na aina nyingi mno. Jaribio la Malawi na Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2010, lilijibu kwamba vingeweza, ingawa si kwa ukamilifu. Kwa jumla chanjo ilipunguza kuhara kukali kwa virusi vya rota kwa asilimia 61.2: Afrika Kusini kwa asilimia 76.9, Malawi kwa asilimia 49.4. Aina zilizokutwa Malawi zilikuwa nyingi, na bado kinga ilionekana dhidi ya aina zisizofanana na ile iliyomo katika chanjo. Upungufu wake katika nchi maskini hauelezwi na sura za virusi peke yake. Hutajwa pia hali ya utumbo wa mtoto, lishe yake, na kinga ya mama inayoikabili chanjo kabla haijafanya kazi.

Tanzania iliizindua chanjo hiyo Desemba 2012 na kuianza kwa watoto wote mwaka 2013. Hutolewa kwa matone kinywani, mtoto akiwa na umri wa majuma 6 na tena majuma 10. Matone hayo si muujiza. Hayazuii kipindupindu, wala kuhara damu, wala norovirusi. Lakini katika nchi ambamo asilimia 60 au 50 ya kuhara kukali kwa virusi vya rota huzuiwa, idadi ya watoto wanaobaki hai ni kubwa, kwa maana maradhi yenyewe yalikuwa mengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba virusi hivyo viliua watoto 453,000 duniani mwaka 2008. Kwa mwaka 2013 makadirio yalishuka kuwa 215,000.

Sasa yafaa kurudi kwenye lawama. Kabla ya chanjo kuanza Marekani mwaka 2006, karibu kila mtoto wa nchi hiyo aliambukizwa virusi vya rota kabla hajafika miaka mitano. Kila mwaka walilazwa kati ya 55,000 na 70,000. Waliokufa kwa mwaka walikuwa kati ya 20 na 60. Hesabu hizi zastahili kusomwa polepole. Virusi ni vile vile, vyenye vipande vile vile na herufi za mwisho zile zile. Chembe chache tu hutosha kumwambukiza mtoto, na uangalifu wa mama tajiri, mwenye bomba na sabuni, haukumzuia mwanawe asiugue. Lililomtofautisha na mama wa Kisarawe halikuwa kuugua kwa mtoto, bali kufa kwake.

Ushahidi huo wazivunja hukumu za kale moja baada ya nyingine. Ikiwa maandishi ya virusi vya Kibaha yafanana na ya virusi vya Melbourne, basi maradhi hayakuletwa na mwiko uliovunjwa Kibaha. Ikiwa mtoto wa Cincinnati alitapika na kuharisha kwa kirusi chenye ganda la ndani lile lile, basi hapana haja ya kutafuta meno ya plastiki katika ufizi wa mtoto yeyote. Na ikiwa watoto wa nyumba safi huambukizwa kama wa nyumba chafu, basi uchafu hauwezi kuwa jina la kila kuhara. Tofauti ya kifo yapaswa kutafutwa mahali pengine: katika umbali wa zahanati, katika uzito wa mwili wa mtoto kabla hajaugua, katika muda uliopita bila kunyweshwa, na katika maji.

Haifai, lakini, hoja hii ivutwe kupita kiasi chake. Kuna wanaoweza kusema kwamba kama sabuni haikuwazuia virusi vya rota Marekani, basi vyoo na visima vya Mtu ni Afya vilikuwa kazi ya bure. Huo ni upotovu. Bakteria wa kuhara, ambao huwaua watoto wengi, huzuiwa na maji safi na choo. Na mtoto asiyeharisha mara kwa mara hukabili virusi akiwa na nguvu. Mji wa Kisarawe ulipofikiwa mwaka 2020 na mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe, lilikuwa jambo la uhai. Ila maji ni wajibu wa nchi kabla hayajawa sifa ya mama, na aliyenyimwa maji hawezi kuulizwa habari za usafi kama aliyepewa.

Tena kuna kitu kingine kisichogeuka, nacho hakimo katika virusi bali katika mwili wa mtoto. Utumbo ulioshambuliwa, hata ukivuja maji kwa wingi, bado hufyonza chumvi pale inapokuja pamoja na sukari. Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka 1960. Huko Dhaka mwaka 1968 ilithibitishwa kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kuokolewa kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Na mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis aliwaokoa wengi kwa njia hiyo wakati dripu zilipokwisha. Dawa hii haimwulizi mgonjwa ameshikwa na kijidudu gani. Hata kama virusi vitabadili sura zote za ganda lao, utumbo wa mtoto hauachi desturi yake ya kupokea chumvi pamoja na sukari. Vidonge vya zinki, vilivyopendekezwa mwaka 2004, hufupisha maradhi na kupunguza kurudi kwake. Kinyume chake ni ile desturi ya kumnyima maji mtoto anayeharisha ili tumbo likauke. Tumbo halikauki, anayekauka ni mtoto.

Linabaki neno moja kwa wanafunzi wa lugha. Kampeni ya mwaka 1973 ilifaulu kwa kuwa iliwapa watu maneno ya kufikiri nayo, na baadhi ya maneno hayo yametumika hata leo. Elimu ya virusi haijapewa bado malezi kama hayo katika Kiswahili. Mama huambiwa kwamba matone ni ya rota, akayapokea kwa imani kama alivyopokea mengine. Lakini mtoto aliyechanjwa akiharisha kwa norovirusi, mama hana neno la kutenganisha kuhara huku na kule, akaona kwamba amedanganywa. Hapo ndipo neno la zamani hurudi, na pamoja nalo mtu mwenye chuma cha kung'olea meno. Mtu hawezi kuliacha jina baya la maradhi mpaka apewe jina jema la kushika mahali pake. Kuandika kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba kuhara kuna sababu nyingi, kwamba nyingi kati yake hazitoki kwa mama, na kwamba tiba ya kwanza ya zote ni kinywaji, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa wasomi wa lugha hii. Na wanaoihitaji ni wale wanawake ambao kwa muda mrefu, kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, waliulizwa wamefanya kosa gani.